Utumbo wa mwanangu uko nje ya tumbo: je, ataishi?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 20, hii ni mimba yangu ya kwanza na ina wiki 27. Naishi Kahama. Wiki iliyopita nilipimwa ultrasaundi. Aliyenipima akamwita mwenzake, wakanong'ona, kisha nikaambiwa utumbo wa mtoto unaelea nje ya tumbo lake na kwamba watoto wa hivyo hawana maisha. Nimepewa karatasi ya rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Mama mkwe anasema tumerogwa. Mume wangu anauliza kama ni vile vidonge vya damu nilivyopewa kliniki. Jirani yetu alijifungua mtoto mwenye kifuko kikubwa kitovuni, utumbo uko ndani yake, akawa anapakwa dawa tu kwa miezi, na leo anacheza mpira. Mbona wangu wanasema lazima apasuliwe? Na mimi je, nijifungue kwa kisu? Ataweza kunyonya? Naomba uniambie ukweli hata kama unauma."*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo neno walilokutupia, kwamba hana maisha. Mtoto aliyemo tumboni mwako sasa hivi anaishi, na huo utumbo kuwa nje haumnyimi pumzi wala chakula, maana vyote viwili anavipata kupitia kondo la nyuma. Hatari yake inaanza siku anayozaliwa. Na hatari hiyo, kwa sehemu kubwa sana, inategemea amezaliwa wapi na amefanyiwa nini katika saa chache za kwanza. Watoto wengi wa aina hii kwetu hugundulika wakiwa tayari mikononi mwa mkunga, usiku, kwenye zahanati isiyo na gari. Wewe umejua miezi mitatu kabla. Hiyo karatasi ya rufaa ndiyo dawa ya kwanza ya mwanao, usiiweke kabatini.

Sasa tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe, kwa sababu naona wewe na jirani yako mnazungumzia vitu viwili tofauti kwa jina moja.

Ukuta wa tumbo la mtoto unaweza kuumbika na tundu kwa namna kadhaa, ila mbili ndizo tunazokutana nazo zaidi. Ya kwanza inaitwa gastroskisisi. Tundu linakuwa kando ya kitovu, karibu kila mara upande wa kulia, na wala si kubwa, sentimita mbili hadi nne hivi. Utumbo hutokea hapo ukiwa wazi kabisa, bila utando wowote, na kwenye ultrasaundi unaonekana ukielea ndani ya maji ya uzazi. Ya pili inaitwa omfalosele. Hiyo tundu lake liko katikati, kwenye kitovu chenyewe, na vilivyotoka, yaani utumbo na mara nyingi hata ini, vimefunikwa na kifuko chembamba chenye kung'aa. Kiungamwana, ule mrija wa kitovu, kinatokea juu ya hicho kifuko. Mtoto wa jirani alikuwa na omfalosele. Wako, kwa neno hilo "unaelea", anaelekea kuwa na gastroskisisi. Mimi picha yako sijaiona, kwa hiyo ukifika Bugando ulizia mambo mawili kabla ya mengine yote: kuna kifuko au hakuna? Tundu liko kando ya kitovu au kwenye kitovu?

Utashangaa nikikuambia kwamba katika hayo mawili, lile linalotisha zaidi kwa macho ndilo lenye habari njema zaidi. Mtoto mwenye gastroskisisi kwa kawaida ni mzima sehemu nyingine zote: moyo, ubongo, figo. Chembe zake za urithi huwa za kawaida. Tatizo la ziada tunaloliogopa liko kwenye utumbo wenyewe, maana kama mtoto mmoja katika kila kumi huzaliwa na sehemu ya utumbo iliyoziba au iliyokatika, na huyo matibabu yake huwa marefu zaidi. Omfalosele imetulia kwa nje, lakini zaidi ya nusu ya watoto wake wana kasoro nyingine, hasa ya moyo, na baadhi wana hitilafu ya chembe za urithi, yaani kromosomu ya 13 au ya 18, ambayo huwa nzito sana. Ndiyo maana mtoto wa omfalosele lazima apimwe moyo na apimwe sukari. Kuna kundi la watoto hao wanaozaliwa wakubwa, wana ulimi mkubwa, na sukari yao hushuka ghafla mara baada ya kuzaliwa. Huyo wa jirani yenu alibahatika kuwa na tatizo la kitovu tu.

Kuhusu uchawi na vidonge. Kila mtoto, hata wewe ulipokuwa tumboni mwa mama yako, utumbo wake hutoka kidogo na kuingia ndani ya kiungamwana kuanzia kama wiki ya sita ya mimba, kwa sababu unakua haraka kuliko nafasi iliyopo. Kisha, kufikia wiki ya kumi na mbili hivi, unarudi ndani na mlango unafunga. Kwenye omfalosele haurudi. Kwenye gastroskisisi kipande cha ukuta pembeni ya kitovu kinakuwa dhaifu na kuachia mapema sana, na wataalamu bado wanabishana ni kwa nini hasa. Yote hayo hutokea wakati mama wengi hata hawajaanza kliniki. Vidonge vya damu ulivyopewa havihusiki. Wengi huanza kuvimeza jambo hili likiwa limeshapita. Endelea navyo, maana siku ya kujifungua utahitaji damu yako iwe nzuri. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba gastroskisisi huwapata zaidi akina mama wenye umri mdogo, chini ya miaka 20 au mwanzoni mwa ishirini, na uvutaji sigara huongeza uwezekano. Umri si kosa. Mwambie mumeo hakuna ulichokula, ulichotazama wala ulichobeba kilichotoboa tumbo la mtoto, na mama mkwe mwambieni kwa heshima kwamba ugonjwa huu upo Ulaya, Marekani na China vilevile.

Miezi hii iliyobaki kazi yako ni kuhudhuria. Watoto hawa mara nyingi hukua kidogo kidogo kuliko wenzao, kwa hiyo watataka kukupima ultrasaundi mara kwa mara kuangalia uzito wake, wingi wa maji ya uzazi, na kama utumbo unatanuka. Wewe mwenyewe hesabu anavyocheza. Siku ukiona amepunguza kucheza, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Vivyo hivyo maji yakikatika, damu ikitoka, au tumbo likianza kukaza na kuachia kwa mpangilio.

Umeuliza kuhusu kisu. Watu wengi, na wahudumu wakiwamo, huamini kwamba mtoto mwenye utumbo nje akipita njia ya kawaida utumbo utachanika. Tafiti hazijaonyesha kwamba upasuaji unamsaidia mtoto wa gastroskisisi kuliko kuzaliwa kawaida. Kisu kifanyike kwa sababu zile zile zinazowahusu akina mama wengine: mtoto amekaa vibaya, mapigo ya moyo yanashuka, njia ni nyembamba. Kwa omfalosele kubwa yenye ini ndani, hapo ndipo madaktari wengi huchagua upasuaji, na naungana nao. Kwa upande wako, ukiweza kujifungua kawaida utapona haraka, na utakuwa na nguvu za kusimama pembeni ya kitanda cha mwanao siku ya pili. Utazihitaji. Wala usikubali kuanzishiwa uchungu mapema bila sababu ya maana. Kuzaliwa njiti juu ya gastroskisisi ni mzigo juu ya mzigo. Wiki ya 37 ni muda ambao madaktari wengi huona unafaa kupanga uzazi kama uchungu haujaanza wenyewe.

Ila uchungu wa mimba hizi una tabia ya kuwahi. Kwa hiyo nakushauri usikae Kahama hadi dakika ya mwisho. Ukifika wiki ya 34 au 35, hamia Mwanza. Kama mna ndugu Nyegezi au Buhongwa au popote pale mjini, huu ndio wakati wa undugu. Kama hamna, uliza kliniki kuhusu nyumba ya kusubiria kujifungua, ile wengine huita chigonela. Barabara ya kutoka kwenu hadi Mwanza ni ya saa kadhaa, na saa kadhaa kwa mtoto huyu si kitu kidogo. Sababu zake nakueleza hapa chini.

Utumbo ulio wazi unafanya mambo matatu kwa pamoja. Unapoteza joto, kwa kuwa ni nyama yenye unyevu isiyo na ngozi, na mtoto mchanga hupoa haraka hata akiwa na ngozi kamili. Unapoteza maji na protini, hivyo mtoto anakauka huku wewe ukiona yuko sawa. Na unaingiza vijidudu. Juu ya hayo, mishipa ya damu inayoulisha utumbo inapita kwenye lile tundu dogo. Utumbo ukilalia upande au ukijipinda, mishipa inabanwa na utumbo unabadilika kutoka pinki kuwa bluu, kisha mweusi. Mweusi maana yake umekufa, na utumbo uliokufa hakuna daktari anayeufufua.

Sehemu hii ichapishe, au mwombe mumeo ainakili kwenye daftari la kliniki, kwa ajili ya mkunga yeyote atakayekupokea kama uchungu utakuwahi nyumbani. Mtoto akaushwe, hasa kichwa, avikwe kofia. Kisha aingizwe kwenye mfuko wa plastiki safi, mwangavu, kuanzia miguuni hadi kwapani, mfuko ufungwe kwa kulegeza, utumbo wote uwe ndani. Kama hakuna mfuko, ile plastiki nyembamba ya kufunikia vyakula inafaa kuzungushia utumbo na tumbo. Mkunga asiweke shashi zilizoloweshwa maji. Zinapoa ndani ya dakika chache na kumgandisha mtoto, na nasisitiza hili kwa sababu vitabu vya zamani viliagiza hivyo. Mtoto alazwe ubavu wa kulia, utumbo uegemezwe usining'inie. Mrija wa puani au mdomoni upelekwe tumboni na kuachwa wazi, ili hewa na nyongo vitoke, maana utumbo ukijaa hewa haurudi ndani kirahisi. Dripu, antibiotiki, vitamini K, kipimo cha sukari. Mdomoni asipewe kitu, hata maji ya glukosi. Kiungamwana kisikatwe kifupi: kiachwe kirefu kama shubiri moja, na kifungwe mbali na tumbo, kwa sababu daktari wa upasuaji anaweza kukitumia baadaye kama kiraka cha kuzibia tundu. Na hakuna mtu wa kujaribu kuusukuma utumbo ndani, wala kupaka majani, majivu au mafuta. Halafu gari. Tanzania tuna mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, unapigiwa simu namba 115 bila malipo. Iandike namba hiyo ukutani. Njiani mtoto akae na joto. Kama hakuna mashine ya joto, kifua cha mama au cha baba kinatosha, mradi utumbo uko kwenye mfuko na haubanwi.

Sasa Bugando, au hospitali nyingine ya kanda yenye daktari bingwa wa upasuaji wa watoto. Umeambiwa "atapasuliwa", nawe bila shaka umeona kichwani mwako chumba cha upasuaji na visu. Siku hizi mara nyingi haiwi hivyo. Tumbo la mtoto huyu limekua likiwa tupu, kwa hiyo ni dogo. Ukilazimisha utumbo wote uingie siku moja, ni kama kushindilia magunia mawili ya mahindi kwenye gunia moja: shinikizo linapanda hadi mapafu yanashindwa kutanuka, figo zinaacha kutoa mkojo, na utumbo wenyewe unakosa damu. Penye mashine nyingi za kupumulia na wauguzi wa kutosha, mtoto wa namna hiyo anaweza kusaidiwa kwa siku kadhaa. Kwetu mashine hizo ni chache. Mimi binafsi nikiona tumbo linabana, silazimishi.

Badala yake tunatumia silo. Ni mfuko mwangavu wenye pete laini mdomoni. Pete inaingizwa ndani ya tundu, utumbo unakaa ndani ya mfuko, mfuko unaning'inizwa juu ya mtoto. Mara nyingi inavishwa pale pale kitandani bila dawa ya usingizi. Kisha kila siku daktari anausukuma utumbo taratibu na kufunga mfuko chini kidogo, tumbo nalo linazoea na kutanuka. Kwa watoto wengi utumbo wote unakuwa umeingia ndani ya siku tatu hadi kumi. Silo za kiwandani ni ghali na hazipatikani kila mahali, kwa hiyo madaktari wa Afrika wamejifunza kuzitengeneza kwa mfuko wa mkojo, mfuko wa dripu, hata kondomu ya kike. Ukimkuta mwanao amevishwa mfuko wa mkojo tumboni usidhani amedharauliwa. Cha kuangalia ni kwamba mfuko ni mwangavu na unaona rangi ya utumbo. Rangi ya pinki au nyekundu, hata kama utumbo ni mnene na umefunikwa na kitu kama utando mweupe, ni sawa; umekaa kwenye maji ya uzazi miezi mingi, lazima uvimbe. Ukiona unakuwa bluu au mweusi, ita muuguzi wakati huohuo, hata kama ni saa nane za usiku na hata kama watakunung'unikia.

Utumbo ukishaingia, tundu linafungwa kwa nyuzi chumba cha upasuaji, au linafunikwa kwa kile kiungamwana kirefu na bandeji bila nyuzi yoyote, na ngozi inajikunja yenyewe. Njia hiyo ya pili huweza kuacha kitovu kilichotokeza kidogo, ambacho mara nyingi hujifunga mtoto anapokua.

Wazazi wengi wanadhani siku tundu linapofungwa ndiyo mwisho. Kwa kweli hapo ndipo subira inapoanza, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu swali lako la kunyonya ndilo swali muhimu kuliko yote uliyouliza. Utumbo wa mtoto huyu umezubaa. Unaweza kukaa wiki mbili, tatu, nne, bila kusukuma chochote, na kwenye ule mrija wa puani kutaendelea kutoka majimaji ya kijani. Muda wote huo hawezi kuishi kwa dripu ya maji na sukari. Anahitaji chakula kamili cha kupitia mshipani, chenye protini na mafuta na vitamini. Chakula hicho ni ghali, huharibika, na mrija wake ukiguswa na mkono mchafu mtoto anapata maambukizi ya damu. Ukiniuliza nini kinawaua watoto wa gastroskisisi hapa kwetu baada ya kufika hospitali, nitakutajia mambo matatu: kuchelewa na kupoa njiani, maambukizi ya damu, na njaa. Tundu lenyewe halimo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo unapokwenda Mwanza kwa mara ya kwanza, ukiwa bado na mimba, uliza bila woga: chakula cha mishipani mnacho? Kama kinakatika, hufanya nini? Daktari mzuri hatakasirika. Na kama jibu ni kwamba hakipo kabisa, ni halali yako kuuliza kama unaweza kuandikiwa rufaa ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ukiwa bado mjamzito, maana kusafiri na mtoto tumboni ni salama kuliko kusafiri naye ndani ya mfuko.

Maziwa yako wewe ndiyo dawa ambayo hospitali haiwezi kuagiza bohari. Anza kukamua ndani ya saa chache baada ya kujifungua, hata kama hanyonyi, na endelea kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, la sivyo yatakauka kabla hajawa tayari. Yale ya kwanza ya njano yawekwe pembeni. Waombe wauguzi wampake matone machache ndani ya mashavu, inaruhusiwa na inamkinga. Majimaji ya kwenye mrija yakipungua na kuacha ukijani, akipata choo, wataanza kumpa mililita moja au mbili kwa mrija, kisha wataongeza. Kuna siku wataongeza, atatapika, watarudi nyuma. Hiyo si dalili ya kufa, ndiyo tabia ya ugonjwa. Maziwa ya kopo yasiingizwe kwa sababu tu mtu amechoka kusubiri. Maziwa ya mama ndiyo yanayobebwa vizuri na utumbo uliovimba. Na kila anayemgusa anawe mikono kwanza, wewe, baba yake, na daktari pia. Ukimwona daktari hajanawa, mkumbushe.

Umeomba ukweli unaouma, nao ni huu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2021 kwenye jarida la Lancet, uliokusanya hospitali 264 katika nchi 74, ulikuta kwamba katika nchi tajiri watoto wa gastroskisisi waliofariki walikuwa asilimia 1.4 tu. Katika nchi za kipato cha kati walifikia karibu asilimia 32. Katika nchi maskini kabisa walikuwa tisa katika kumi waliokuwamo kwenye utafiti. Ugonjwa ni huohuo, utumbo ni uleule. Nakutajia namba hizi kwa sababu zinakuonyesha kwamba tofauti inaletwa na joto, maji, usafi, chakula na haraka, vitu ambavyo sehemu yake iko mikononi mwako. Siwezi kukuahidi kwamba mwanao atapona. Naweza kukuambia kwamba mtoto anayezaliwa hospitali yenye daktari wa upasuaji wa watoto, akavishwa silo akiwa bado na joto, ana nafasi ambayo yule anayefika kesho yake akiwa baridi na amekauka hana.

Jirani yako sijamsahau. Omfalosele yenye kifuko kizima si ya kukimbiliwa na kisu, kwa sababu kile kifuko kinafanya kazi ya ngozi kwa muda. Kikiwa kidogo tunafunga mapema. Kikiwa kikubwa chenye ini, tunakipaka dawa ya kukausha na kuzuia vijidudu, mara nyingi krimu ya silva salfadiazini, na wengine hutumia asali safi ya tiba, hadi ngozi iote juu yake polepole kwa miezi. Mtoto ananyonya kawaida wakati wote huo. Msuli unafungwa baadaye, akishavuka mwaka mmoja au zaidi. Kifuko kikipasuka, basi anahesabiwa kama gastroskisisi na anakimbizwa vilevile. Utumbo wa mwanao hauna kifuko, hivyo hakuna cha kupaka dawa, ukiupaka utauharibu. Ukisikia mtu amekushauri ufanye kama kwa jirani, nia yake ni nzuri lakini mgonjwa ni mwingine. Na kile kitovu cha kawaida kinachotokeza mtoto akilia, kilichofunikwa na ngozi, si hiki wala kile. Hicho wengi hujifunga wenyewe kabla ya miaka mitano, na hakihitaji sarafu wala plasta.

Fedha. Sera inasema mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, lakini hospitali ya kanda inaweza kuwataka mchangie vipimo, dawa au vifaa, na kukaa wiki nyingi mjini kunakula nauli na chakula. Siku ya kwanza ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, waelezeni hali yenu mapema, kabla ya deni. Kama mna bima, hakikisheni mnajua mtoto mchanga anaandikishwa vipi na ndani ya siku ngapi. Mama mkwe naye mchukueni aende Mwanza. Utakuwa unakamua maziwa usiku na mchana, na mtu mzima wa kukupokea, kukufulia na kukuletea uji wa moto ana faida kubwa kuliko anavyojua.

Mimba ijayo, ukishapumzika, usiiogope. Uwezekano wa gastroskisisi kurudi kwa mtoto mwingine wa mama yule yule ni asilimia chache tu. Omfalosele ni hadithi nyingine, inategemea kama kulikuwa na hitilafu ya kromosomu. Anza kliniki mapema na upate ultrasaundi nzuri kati ya wiki ya 18 na 22, basi.

Na mwanao akishatoka hospitali, akiwa na mwezi mmoja au akiwa darasa la tatu, kuna alama moja ya kuikumbuka siku zote: kutapika kwa rangi ya kijani. Utumbo uliowahi kukaa nje haukai mahali pake pa kawaida ndani, na unaweza kujipinda au kushikana. Matapishi ya kijani, tumbo kuvimba, choo kukatika, yoyote kati ya hayo apelekwe hospitali usiku huohuo, na karatasi yake ya kuruhusiwa iende naye, ili daktari asiyemjua asimpe dawa ya minyoo na kumrudisha nyumbani.